Anwani Iliyopotea Saa Saba Mchana

Ofisi ya mradi wetu pale Handeni ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikuwa cha kompyuta. Mkuu wa kituo, bwana shamba na mimi tulibanana kwenye kile kingine pamoja na magunia ya mbegu za mahindi. Kompyuta ilikuwa na pazia, zulia dogo na feni. Sisi tulikuwa na dirisha. Hakuna aliyelalamika. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila kilichotoka nje kilipewa heshima yake, na kompyuta ilikuwa imetoka mbali kuliko sisi wote.

Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu. Utaalamu wenyewe niliupata Tanga mjini kwa wiki mbili, na wiki ya kwanza umeme ulikatika. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa katika shirika la umma, mpaka shirika lilipouzwa na sisi tukaambiwa tumepunguzwa, kama sukari kwenye chai. Mradi wa malambo ya mifugo na mbegu ukanichukua kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Nilijiona nimeokolewa na maendeleo. Nilitembea mjini na disketi kwenye mfuko wa shati, pale ambapo wenzangu waliweka kalamu, ili watu waione. Waliiona.

Barua pepe yetu haikuwa na picha, rangi wala kipanya. Ilikuwa kioo cheusi na herufi za kijani. Ukitaka kusoma unabonyeza herufi hii, kujibu ile, kufuta nyingine, na ukikosea herufi hakuna wa kukuuliza kama una uhakika. Mara mbili kwa siku nilichomoa waya wa simu ya mkuu wa kituo, nikauunganisha na modemu, kile kidude cha kupitishia barua kwenye simu, modemu ikapiga kelele, na barua zikaingia na kutoka. Watu waliokuwa barazani wakisubiri mbegu walinyamaza kusikiliza. Nami nilihakikisha mlango uko wazi.

Programu ile haikuwa na akili ya kukumbuka mtu. Kumbukumbu yake yote ilikuwa faili moja la maandishi matupu, mtu mmoja mstari mmoja: jina fupi, jina kamili, anwani. Ukiandika jina fupi, programu inakwenda kwenye faili, inaona mstari, inajaza anwani yenyewe. Mstari usipokuwepo, mtu huyo hayupo duniani. Faili hilo lilikuwa mikononi mwangu. Lilitakiwa kuwa na wafadhili, mafundi wa malambo na ofisi za wilaya, basi.

Lakini kwetu barua hazijawahi kwenda kwa mtu mwenyewe tu. Sanduku moja la posta la shule au la msikiti lilipokea barua za kijiji kizima, na juu ya bahasha pakaandikwa "kwa mkono wa" fulani. Watu waliposikia kwamba ofisi ya malambo ina anwani mpya isiyohitaji stempu, hawakuona tofauti. Alianza mwalimu mmoja mwenye binti Bara Hindi. Akafuata mfugaji wa nyanda za kule chini ambaye mwanawe alikuwa akisomea udaktari wa mifugo. Halafu wakaja wengine, kila mmoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliwaandika wote kwenye faili. Mkuu wa kituo alijua na akanyamaza, kwa kuwa shemeji yake wa Muskati alikuwa mstari wa kumi na moja.

Sasa, makao makuu yetu yalikuwa Korogwe, na Korogwe nako kulikuwa na kompyuta na faili kama hilo. Mafaili mawili yalitakiwa kufanana. Kazi hiyo ilifanywa na disketi moja iliyosafiri kila Alhamisi ndani ya bahasha ya kaki, mikononi mwa kondakta wa basi. Mtaalamu wa wafadhili alituachia programu ndogo aliyoitengeneza mwenyewe. Unaingiza disketi, unaandika neno moja, programu inalinganisha faili la kwenye mashine na la kwenye disketi, na lile lililohifadhiwa mwisho ndilo linalofunika jingine. Programu haikuuliza lipi lina watu wengi, wala lipi la ofisi kubwa. Iliangalia tarehe na saa tu.

Kwa hiyo utaratibu ulikuwa huu. Mama mhazili wa Korogwe anahifadhi faili lake na kulituma. Disketi ikifika Handeni, kwanza ninalipokea la kwake, halafu ninaongeza watu wangu wa wiki hiyo, ninahifadhi, ninalinganisha tena. La kwangu sasa ndilo jipya, linaingia kwenye disketi na kurudi Korogwe na basi la jioni. Nilikuwa nimeuandika utaratibu huu kwa mkono mzuri na kuubandika ukutani, na chini yake nikaweka sahihi yangu kana kwamba ni mimi niliyeubuni.

Siku kompyuta ilipofunguliwa kutoka kwenye boksi, saa yake ilikuwa ya nchi ilikotoka na haikulingana na chochote. Mkuu wa kituo akasema irekebishwe. Mimi nilivaa saa ya marehemu baba. Baba alikuwa mkulima wa Mkata aliyenunua saa moja tu maishani mwake, na hakuona kwa nini mshale uelekee nane wakati watu wote wanasema saa mbili. Aliigeuza ikamtii, mshale mfupi ukaelekea pale pale mdomo unaposema. Nikaangalia mkononi, ilikuwa saa nne asubuhi. Nikaandika nne, nukta mbili, sifuri sifuri. Kompyuta ikakubali bila ubishi, na mkuu wa kituo akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kwa miezi mingi hakuna kilichoharibika. Basi lilitoka Korogwe alfajiri, kwa hiyo mama mhazili alihifadhi faili lake Jumatano jioni, na mimi nikahifadhi langu Alhamisi mchana. Hata mashine iliyochelewa saa sita nzima inajua kwamba Alhamisi inakuja baada ya Jumatano.

Sasa nimlete mtu ambaye kwa ajili yake nayaandika haya. Chai ya ofisi tulipikiwa na mama mmoja Mzigua, mjane, mtu wa maneno machache na vitumbua vikubwa. Mwanawe wa pekee alikuwa ameondoka miaka minne kabla. Aligombana na baba yake kuhusu shamba la mihogo, akaenda Segera asubuhi bila kuaga, akadandia lori, na baadaye ikasikika yuko Sauzi, Afrika Kusini. Baba mtu alisema hataki kusikia jina lake, na kila basi lililotoka njia ya Dar likisimama alitoka nje kutazama nani anashuka. Mwaka wa pili akaugua, akafariki. Hapakuwa na wa kumpelekea kijana habari, maana hapakuwa na pa kuipeleka.

Alhamisi moja asubuhi niliposhusha barua, nikakuta moja ya mama wa chai. Kijana alikuwa amekutana huko na mtoto wa Handeni ambaye dada yake alikuwa mteja wa faili langu, akapewa anwani yetu. Barua ilikuwa fupi. Alikuwa mzima, anapaka rangi magari, anaomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Mwisho aliandika: "Msalimie sana baba. Mwambie mwanao anakusalimu."

Disketi ilipofika mchana nilifuata utaratibu wangu wa ukutani. Nikapokea la Korogwe, nikamwandika kijana, mstari wake mwenyewe, nikahifadhi saa saba kamili, nikalinganisha, nikairudisha disketi kwenye bahasha. Kisha nikaichapa barua. Juu ya kila barua pepe kulikuwa na mistari mingi michafu ya anwani, namba na vifupisho visivyo na maana kwa mtu wa kawaida. Nikaona ni aibu kumpa mama karatasi yenye takataka kama hiyo. Nikaikata yote, nikaacha maneno ya mwanawe tu, safi, yamekaa katikati ya ukurasa. Nilijisifu kwa hilo. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya kufuta barua zote zilizosomwa ili mashine isijae, nami nikafuta.

Nilimsomea mama barua jikoni. Alifika madarasa ya watu wazima, lakini herufi za nukta nukta za printa yetu zilimshinda. Nilipofika pale pa "msalimie baba" akaweka upawa chini.

"Hajui," alisema.

"Hajui, mama. Tumwandikie sasa hivi?"

"Hapana. Msiba hautupwi kama jiwe juu ya bati. Nitakwenda kwa shemeji yangu. Wewe anwani unayo?"

"Nimeiweka kwenye faili," nikamwambia. "Haiwezi kupotea."

Alikaa siku kumi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alishikilia kwamba habari ya kifo huambiwa mtu na mtu aliyeketi naye mkeka mmoja, na Sauzi hatuna mkeka. Wakashauriana na wengine. Siku ya kumi na moja mama akaja ofisini amevaa kanga mpya, akaketi karibu na kompyuta, akaniambia niandike. Alikuwa ameyashika maneno yote kichwani:

"Mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, keti. Muite mtu akae karibu yako. Baba yako alituacha mwaka juzi, baada ya mavuno. Hakuwa na kinyongo na wewe. Kila basi alitoka kutazama. Mama yako."

Niliandika. Kisha nikaandika jina fupi la kijana juu, nikasubiri programu ijaze anwani. Haikujaza kitu. Nikafungua faili, nikashuka mstari kwa mstari. Alikuwepo mwanafunzi wa mifugo, alikuwepo shemeji wa Muskati, walikuwepo wafadhili na vyeo vyao. Kijana hakuwepo. Nikapanda juu, nikashuka tena.

Ningeweza kusema pale pale. Alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwangu, mikono mapajani, anatazama kwa herufi za kijani maneno aliyoyatafuta siku kumi. Mimi nikaihifadhi barua kama rasimu, nikaunganisha modemu, ikapiga kelele zake zote, ikapeleka ripoti ya mbegu Korogwe.

"Imekwenda," nilisema.

"Itafika lini?"

"Imeshafika, mama."

Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akanishukuru. Jioni hiyo aliniletea vitumbua sita, nikala.

Nilichofanya baadaye ni kile ambacho wataalamu wote hufanya, nikatafuta wa kumlaumu. Mama mhazili wa Korogwe alikuwa Mshambaa wa umri wa mama yangu, aliyekuwa bado na mashine ya chapa mezani na aliyefunika kompyuta yake kwa kitambaa cha kufuma. Nilimdharau kimyakimya tangu siku ya kwanza. Nikampigia simu, na baada ya shikamoo nikamweleza kwa lugha ya kitaalamu kwamba ofisi yao inafuta watu wetu.

"Sijamfuta mtu," alisema. "Huyo sikumpata hata kwenye disketi. Njoo, mwanangu, uone kwa macho yako."

Sikwenda mara moja, wala sikuthubutu kumuuliza yule dada ambaye nduguye alimpa kijana anwani yetu, maana habari ingemfikia mama wa chai. Wiki ya kwanza nilikuwa na hakika kosa ni lake, na wiki ya pili nilianza kuogopa kwamba si lake. Kila asubuhi mama wa chai aliweka kikombe mezani kwangu na kuuliza, "Hajajibu?" Nami nikajibu, "Bado. Watu wa huko wana kazi nyingi." Akakubali kwa kichwa. Wiki ya tatu hakuuliza tena, alitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Hatimaye nikapanda basi. Njia ya mkato ilikuwa imeharibiwa na mvua, tukazunguka kwa Mkata na Segera, na pale Segera basi liliposimama na wauza machungwa wakalizingira, nilimfikiria yule kijana amesimama mahali hapo hapo asubuhi ile, hana mzigo. Nilifika Korogwe saa tano.

Mama mhazili hakunisomea mashtaka. Alinipa soda, akaingiza disketi, akaita orodha ya mafaili pamoja na saa zake. Akavaa miwani.

"Alhamisi ile," alisema, "mimi nilihifadhi saa mbili na nusu asubuhi. Si unajua lile basi la alfajiri limeshindwa biashara? Siku hizi mabasi yanagombania abiria, hili jipya linaondoka saa tatu, ndiyo maana nikahifadhi siku ileile. Na wewe ulihifadhi lini?"

"Saa saba mchana." Nilikumbuka vizuri.

"Mashine yako ikifika saa saba mchana huwa inaandika nini?"

"Saba. Inaandika saba, mama, iandike nini?"

Akaweka kidole kwenye kioo. Faili lake lilikuwa na nane na nusu. "Hii ndiyo saa mbili na nusu yangu. Saa saba mchana huku ni kumi na tatu. Mashine yako imesema saba. Kwa mashine, saba ni saa moja asubuhi, umehifadhi kabla yangu. Kwa hiyo la kwangu ndilo jipya, limelifunika la kwako. Umemwandika mtu, na programu ikamfuta wewe ukitazama." Akavua miwani. "Hii saa nani aliiweka?"

Nikaficha mkono wenye saa chini ya meza.

Kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu yote, mpaka rasimu na vitumbua sita. Hakucheka. Aliuliza tu kama barua yenyewe ya kijana nilibaki nayo. Nikamwambia nilikata sehemu ya juu ili ipendeze.

"Ulikata anwani," alisema, "ukamwachia maneno. Barua usiikate tena, mwanangu. Ya mtu yeyote."

Nikaapa. Nikarudi Handeni, nikaisogeza saa ya kompyuta mbele saa sita, nikakaa na faili sahihi kabisa ambalo halikuwa na mtu ninayemtaka.

Aliyeimaliza shida hiyo si mimi. Siku ya tatu baada ya kurudi, barua ikaingia. "Mama, sijapata jibu. Najaribu mara hii ya mwisho." Juu yake ilikuwa na mistari yake yote michafu, na sijawahi kuona kitu kizuri kama ile mistari. Niliiandika anwani kwenye faili, nikaiandika kwenye karatasi, nikaiandika ukutani chini ya utaratibu na sahihi yangu. Halafu nikaitoa rasimu ya mama na kuituma. Mama sikumwambia kitu. Nilijiambia kwamba sasa barua imekwenda kweli, kwa hiyo uongo umekuwa kweli, umechelewa kidogo tu, kama basi.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Nilimwita mama akaketi pale pale alipoketi siku ile, nikaanza kusoma.

"Mama, shikamoo. Nimeketi kama ulivyosema, na yupo mtu karibu yangu. Habari ya baba nilikuwa nayo. Aliyenipa anwani hii ndiye aliyeniambia. Lakini sikutaka kuipokea njiani kwa mtu baki, nilitaka niambiwe na nyumbani. Ndiyo maana nikaandika mumsalimie, ili mniambie."

Mama alikuwa analia bila sauti. Macho yangu yalitangulia kwenye mstari uliofuata, na mdomo ukasita. Ulisema: "Mliponyamaza wiki tano, nilijua mmekaa kikao mkaamua mimi si mtu wa kuambiwa. Nikaona ni haki yangu."

Nikauruka. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi kama vidole vyangu. Nikasoma unaofuata, kwamba kazi inaendelea na kwamba akipata nauli atakuja kuona kaburi. Mama akaniomba karatasi. Hapo nilikumbuka kiapo changu cha Korogwe, na mtu mwongo naye ana kiapo anachokishika. Nikaichapa nzima, haijakatwa juu wala katikati, nikamkabidhi. Nilijipa moyo kwamba zile herufi za nukta nukta zitamshinda.

Zilimshinda kweli. Lakini jioni aliipeleka kwa shemeji yake, na shemeji alikuwa karani mstaafu.

Asubuhi mama alikuja na chai kama kawaida. Akaweka kikombe changu mezani, akaweka na kitumbua, akabaki amesimama. Nilitazama saa ya baba mkononi kana kwamba nina safari.

"Wiki tano," alisema.

Nilianza kumweleza kuhusu faili, na basi jipya, na saa. Akaniacha nikafika mwisho.

"Hayo ya mashine siyajui," alisema. "Ila ungeniambia tu, mwanangu. Mimi nilikaa siku kumi natafuta namna ya kumpa mtu habari mbaya. Ungekuja, tungetafuta wote."

Akachukua birika, akaenda kuwapa wengine chai.